Siku Nilipomwinamia Bosi

Mimi si mtu wa adabu sana. Nasema mapema, kwa sababu bosi wangu anaamini vingine, na sijapata moyo wa kumsahihisha.

Kazi yangu ni ya kompyuta. Siku hiyo nilikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na "kukaa" ni neno la heshima tu: nilimwagika kitini. Makalio ukingoni, mgongo kama ndoano, shingo imetangulia kama ya kobe anayechungulia mvua. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo misuli ya shingo inavyoelemewa. Changu, kwa maneno ya bosi, hakina kitu ndani, lakini uzito ni uleule.

Kikao cha mtandaoni kikaanza. Ripoti yangu ilikuwa imechelewa, bosi akawa ananisema mbele ya wenzangu wote. Kalamu ikaniponyoka. Nikasimama, nikainama kuiokota. Kiunoni pakalia ko! Nikajaribu kunyanyuka, wapi. Nikajaribu kukaa, kiti changu chenye magurudumu kilishanikimbia. Nikabaki hivyo hivyo, utosi ukiitazama kamera, mikono ikining'inia.

Bosi akakatiza maneno yake.

"Jamani," akasema taratibu, "haijafikia huko."

Nilitaka kueleza, lakini kila nikivuta pumzi kiuno kinachoma. Kilichotoka ni mguno.

"Analia," mwenzangu mmoja akanong'ona, kipaza sauti kiko wazi.

"Basi, ndugu yangu, yameisha. Inua kichwa."

Kukiinua ndiko hasa kulikonishinda. Bosi akaona toba imenikolea, akaniongezea wiki nzima ya kumalizia ripoti. Wapo waliopiga makofi.

Kwenda zahanati nilitembea nikivihesabu vidole vyangu vya miguu. Njiani mtoto akaniamkia, "Shikamoo, babu." Nina miaka 34. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Akauliza nimepoteza nini, na kabla sijajibu akaanza kunisaidia kutafuta. Tulitafuta hadi mlangoni.

Mtaalamu wa viungo alinibonyezabonyeza, akanieleza kwamba mtu akikaa kutwa, misuli ya mbele ya nyonga hukaza, ya makalio hulegea, kiuno kikabebeshwa kazi za wengine. Tena zile gegedu laini kati ya pingili za uti wa mgongo karibu hazina mishipa ya damu. Chakula chao huingia mtu anapojongea, zikikamuliwa na kujaa tena kama sifongo.

"Kwa hiyo nimezishindisha njaa?"

"Tangu saa mbili."

Nilitarajia aniandikie wiki ya kulala kitandani. Akakataa kabisa: kulala tu hukawiza kupona. Maumivu ya namna hii mara nyingi huisha ndani ya wiki chache, ili mradi nitembee, na nikirudi kazini ninyanyuke kila nusu saa.

"Haya, kaa hapo nje usubiri dawa," akamalizia.

Nikamtazama kwa ghadhabu. Yaani, nikavitazama viatu vyake.

Sasa nimenyooka, na masharti nayafuata. Juzi kikaoni nusu saa ikatimia bosi akiwa katikati ya hotuba, nikasimama kimya.

"Mnamwona mwenzenu?" akawaambia. "Mimi nikizungumza, yeye hakai."