Mikono ya Kahnweiler

Mwaka 1910 Daniel-Henry Kahnweiler, Mjerumani aliyekuwa akiuza michoro Paris, alikwenda kwa Picasso kuchorwa. Hakwenda mara moja. Inasimuliwa kwamba alikaa mbele yake mara 20 au zaidi. Ukiitazama picha hiyo leo kwenye jumba la Art Institute of Chicago, unajiuliza vikao vyote hivyo vilikuwa vya nini. Turubai nzima ni vipande vya kahawia na kijivu vilivyopandana kama vigae vilivyoanguka kutoka paani, na uso wa mtu huuoni.

Wapinzani wa Ukubisti, mtindo huu wa kuvunja vitu na watu vipande vyenye pembe, hushikilia hapo hapo, na hoja yao ina uzito. Picha ya mtu, wanasema, ni ushahidi kuwa fulani alikuwa hivi. Ukishamvunjavunja kiasi kwamba jirani yake angepita asimtambue, basi umechora kitu kingine. Huenda ni kizuri, ila jina lililo chini yake halina kazi. Mwaka huohuo Picasso aliwachora pia Ambroise Vollard na Wilhelm Uhde, nao wauza michoro, kwa namna ileile. Badilisha vibao vya majina, nani atashtuka?

Mimi nadhani wengi wangeshtuka. Paji pana la Vollard na ndevu zake vimesalimika, na inasimuliwa kuwa mtoto wa miaka minne alipoiona picha hiyo alimtaja papo hapo. Kwa Kahnweiler kazi ni ngumu zaidi, lakini tulia nayo dakika chache. Juu kuna wimbi la nywele. Shuka, utakuta fundo la tai, kisha mnyororo wa saa ya mfukoni, na chini kabisa viganja viwili vilivyofumbatana. Mtu anajikusanya taratibu mbele yako: mtanashati, mtulivu, aliyezoea kusubiri. Kama ni sura tu iliyokuwa ikitafutwa, kamera ilikuwepo. Picasso mwenyewe alimpiga Kahnweiler picha mwaka huohuo. Brashi ilibaki na kazi nyingine.

Wafuturisti wa Italia, wasanii waliotukuza mwendo na kutaka kuachana na ya zamani, hawakuridhika na hilo pia. Katika tamko lao la uchoraji la Aprili 1910 walisema farasi anayekimbia hana miguu minne, ana ishirini. Walipoonyesha kazi zao Paris, Februari 1912, waliwashutumu Wakubisti kwa kuchora vitu vilivyoganda. Kwao mtu hakatwi akatengwa na mtaa wake. Kelele, mwanga na mwendo vyote vinampitia mwilini.

Mfano mzuri ni *Materia*, ambayo Umberto Boccioni, mmoja wao, aliichora mwaka 1912. Ni kubwa kweli, kimo chake kinazidi mita mbili, na rangi zake zinawaka, si kama ule ukungu wa kahawia wa Paris. Mwanamke ameketi akiipa kisogo roshani. Nyumba za mji zinamwingilia mabegani, nuru inamkata usoni. Kinadharia alipaswa kuyeyuka. Hakuyeyuka, kwa sababu katikati ya picha iko mikono yake, mikubwa kupita kiasi, mizito, imefumbatana mapajani. Ni mama mzazi wa mchoraji. Kijana aliyetaka kufuta kila cha zamani alipofika kwenye mikono ya mama yake, naona aliishiwa ukali.

Hata hivyo, siwezi kuwanyima wapinzani haki yao yote. Mtindo ulipoenea, kuvunja kukawa mazoea. Angalia *Le Goûter* ya Mkubisti mwingine, Jean Metzinger, ya mwaka 1911. Kikombe cha chai kimepasuliwa katikati, nusu kinaonekana kwa ubavu, nusu kwa juu. Ni ujanja wa kupendeza, na jicho linaufurahia. Ila mwanamke anayeshika kijiko hapo anaweza kuwa yeyote. Pembe zimempitia kama mikunjo ya karatasi, wala hazikukutana na chochote cha kwake peke yake.

Kwa hiyo wanaouliza kama picha iliyovunjwa inaweza kuwa picha ya mtu, mimi ningewaomba kwanza watazame kilichoachwa kizima. Kwa Picasso ni vitu vidogo, kama alama za njia, ili usipotee kabisa. Kwa Boccioni ni mzigo mmoja mzito unaoikalia turubai nzima. Na wachoraji hawa wawili, waliotofautiana karibu katika kila kitu, waliacha mikono.