Ukitaka kumjua Bi Salme, fuata maji

Wasimulizi wengi wa habari za Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, huanzia Mtoni, Unguja, alikozaliwa mwaka 1844, wakarukia Hamburg, kisha kaburini. Miaka yote ya katikati hupita kwa maneno mawili: "akaishi Ujerumani." Naona tunamdhulumu. Ujerumani si mtaa.

Juzi nilitandaza ramani ya nchi hiyo mezani, nikashika penseli. Hamburg ndiko alikofika mwaka 1867 na mumewe, Heinrich Ruete, mfanyabiashara. Miaka mitatu baadaye mume akagongwa na tramu ya farasi akafa. Binti yao mdogo hajatimiza miezi minne. Wenye mamlaka wakamnyima mjane urithi. Ndipo kuhamahama kukaanza: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Köln.

Nikatia nukta kila mji, halafu nikaufuata mto Elbe kutoka Hamburg kwenda juu. Ukanifikisha Dresden. Nikarudi nao hadi pale mto Saale unapomwaga maji yake, nikapanda na Saale mpaka Jena, na mbele kidogo tu, Rudolstadt, mji mdogo ambao siku zile ulikuwa makao ya mtawala wa kijimbo chake. Hata mto Spree wa Berlin huingia Havel, na Havel ikaingia Elbe. Ni Köln tu iliyobaki nje, kwenye Rhine.

Yaani karibu kila mji aliolelea wanawe watatu, maji yake hushuka Hamburg, kisha baharini. Sisemi aliichagua kwa sababu hiyo. Mjane hukaa penye gharama anazozimudu. Lakini huyu ni mtu aliyezaliwa jumba la Mtoni, penye kijito kinachoteremkia pwani. Siwezi kuiona ile mistari ya buluu nikanyamaza. Vyumba vya Mji Mkongwe vinavyotunza kumbukumbu zake viwekewe ramani hii, na watoto wa shule wapewe penseli waichore wenyewe, mji baada ya mji, mpaka waone umbali aliotembea mama yule na watoto mkononi.

Alifia Jena, Februari 1924. Wakamteremsha hadi Hamburg, makaburini Ohlsdorf, wakamlaza ubavuni mwa mumewe pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa akiutunza.