Mtu Asiye na Shemeji

Mpwa wangu anasomea uchumi. Jumapili alinifuata stejini kwetu Kisenyi, Kampala, na huku mdomo umejaa rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) niliyoilipia mimi, akanisimulia habari za bwana mmoja anayeishi kwenye vitabu vyao. Bwana huyo anajua bei ya kila kitu, haoni haya, na kabla ya kuinua mguu hujiuliza: nitapata nini?

"Ana shemeji?" nikauliza.

"Mjomba, huyo ni wa nadharia tu."

Nilijua. Juzi shemeji kaniita kwenye mkutano wa harusi ya mtu nisiyemjua hata sura. Nikapewa soda (ya moto), kisha daftari likaanza kuzunguka. Likikufikia, ukumbi mzima unatazama kalamu yako. Nikaandika shilingi 100,000, na nje pikipiki haina mafuta ya kunifikisha nyumbani. Huyo bwana wa vitabuni angeandika ngapi? Asingekwenda, mshenzi yule.

Kijana akaleta Adam Smith, Mskoti, ambaye mwaka 1776 aliandika kwamba mchinjaji hatupatii nyama kwa wema wake bali kwa maslahi yake. Sawa. Mbona wa kwetu ananikopesha tangu Ramadhani, na bado ananiongezea kipande cha ini? Mpwa akajikuna, akakiri kwamba Smith huyohuyo, mwaka 1759, alitangulia kuandika kitabu kizima kuhusu jinsi mtu anavyoguswa na furaha na machungu ya mwenzake.

"Na hicho mnasoma?"

"Hakitoki kwenye mtihani."

Rolex ya tatu. Eti kuna kanuni: kila unachoongeza kinakupa raha ndogo kuliko cha kwanza. Nilimkodolea macho. Raha iko palepale. Kilichopungua ni noti zangu.

Kisha akateleza. "Pesa iliyokwisha kutumika, mjomba, usiihesabu unapoamua. Tazama mbele."

Nikamwangalia. Semista tano nimelipa mimi. Imebaki moja.

"Kwa hiyo hizo tano nisizihesabu?"

"Ndiyo... yaani..."

"Na nikitazama mbele, naona tairi mbili na betri."

Uchumi ukamtoka palepale. Akaanza kunikumbusha mama yake, dada yangu, alivyokuwa akinibeba mgongoni kule Arua. Nikamwambia hapana, anijibu kama yule bwana wa vitabuni.

Akaagiza rolex ya nne ili afikirie vizuri. Nikalipa.