Bili ya mguu wa mbwa, Leeds na Uyole

Mwezi wa pili mdogo wangu anayeishi Leeds, Uingereza, alituma kwenye grupu la WhatsApp la familia picha ya mbwa wake, mguu wa nyuma umefungwa bandeji ya bluu. Mbwa huyo aligongwa na gari. Chini ya picha akaandika kwamba upasuaji, eksirei, dawa na siku mbili za kulazwa vimekula pauni elfu tatu na ushee, na hakuwa amemkatia bima. Hakuomba mchango. Alitoa taarifa tu, kwamba mwezi ule na unaofuata tusitegemee kitu kutoka kwake.

Baba mdogo, aliyeko Tukuyu, alijibu papo hapo: hela hiyo ingeezeka nyumba ya mama yenu na chenji ikabaki. Grupu likawaka moto na mpaka leo halijapoa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki hapa Uyole, Mbeya, na nimefuga mbwa tangu utoto, kila upande unanivuta niseme uko sahihi.

Nianze na baba mdogo, maana vijana wa kwenye grupu wameichukulia hoja yake kuwa ya ushamba. Si ya ushamba. Huku Nyanda za Juu Kusini wanyama wanatibiwa, tena kwa bidii. Nenda Rungwe umwone mwenye ng'ombe wa maziwa siku ndoo ikipungua lita mbili: kabla umande haujakauka, ofisa mifugo ameshapigiwa simu. Ng'ombe yule ndiye ada ya shule, ndiye samadi ya migomba, na asiyemtibu anasemwa kijiji kizima. Huruma ipo na thamani ya daktari tunaijua. Kinachomuuma baba mdogo ni foleni: mama, ambaye paa lake linavuja masika yote, amejikuta nyuma ya mbwa. Hilo ni suala la haki baina ya watu, na huwezi kulijibu kwa kusema kwamba Ulaya mbwa ni kama mtoto.

Halafu bili yenyewe ina maswali. Uingereza mtu anatibiwa na NHS, huduma ya afya ya umma, bila kutoa hela hospitalini, lakini mnyama hana NHS. Kila kitu kinatoka mfukoni kwa mwenye mbwa, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Mamlaka ya ushindani ya huko, CMA, ilianza kulichunguza soko la matibabu ya wanyama wa nyumbani mwaka 2023. Ilikuta kwamba kliniki zilizo chini ya makampuni makubwa, ambazo mwaka 2013 zilikuwa kama asilimia 10, sasa ni kama asilimia 60, na kwamba kati ya 2016 na 2023 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 63, mbali kabisa na mfumuko wa kawaida wa bei. Wanaolia ni Waingereza wenyewe. Mdogo wangu akisema amelipa kiwango cha kule, ndani ya kiwango hicho kuna uuguzi na kuna biashara, na yeye hakupewa nafasi ya kuvitenganisha. Wajerumani wanaweka bei za madaktari wa wanyama kwenye kanuni ya serikali, yenye kima cha chini na ukomo wa juu: mara tatu ya kima hicho kwa siku za kawaida, mara nne kwa dharura. Hata hivyo kanuni hiyo ilipohuishwa Novemba 2022, wafugaji wa mbwa na paka waliona bili zikipanda.

Upande wa mdogo wangu nitaueleza kwa kisa cha Simba, mbwa wangu.

Ilikuwa Julai, na anayeijua Uyole anajua baridi ya Julai. Simba alikuwa na miezi mitano. Alisusa ugali wa dagaa asubuhi, mchana akatapika povu, jioni akaanza kuhara damu yenye harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Parvo. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuua virusi vyake. Mbwa anasaidiwa kwa maji ya mshipani, dawa ya kutuliza kutapika na antibayotiki za kuzuia magonjwa nyemelezi, hadi mwili wake upigane wenyewe. Mtaalamu wa mifugo niliyempigia alifika saa tatu usiku akitokea kuzalisha ng'ombe, mabuti yamejaa matope. Dripu tuliitundika kwenye msumari wa dirisha la jiko, mwanangu akawa anamulika kwa simu. Sindano aliyokuwa nayo ilikuwa nene, ya ng'ombe, na mshipa wa mbwa mdogo aliyekaukiwa maji ukawa unamkimbia. Akajaribu mguu wa kulia, akajaribu wa kushoto. Mwisho akaingiza maji chini ya ngozi ya mgongo, pakavimba kama yai, tukamfunika Simba na kanga mbili karibu na jiko la mkaa. Alfajiri alikuwa amekufa. Yule bwana alinitoza shilingi elfu kumi na tano, na nilipomwongezea alikataa kupokea.

Ukiiweka elfu kumi na tano kando ya pauni elfu tatu, utasema Mbeya ni rahisi. Mimi siwezi kusema hivyo. Nililipia mtu, usingizi wake na petroli ya pikipiki yake. Sindano nyembamba, kipimo cha damu, chumba cha joto cha kumlaza, mtu wa kukesha naye: havikuwemo kwenye bili kwa sababu havikuwepo. Wala kosa si la mtaalamu. Madaktari wa mifugo wanaosoma chuo kikuu cha SUA, Morogoro, wanafundishwa mbwa na paka pia, lakini wakija huku wanakuta walipaji ni wenye ng'ombe, nguruwe na kuku. Anunue mashine ya eksirei ya mbwa, alipwe na nani?

Wageni wanaokuja kuishi kwetu, Iringa mjini, kwenye chai ya Mufindi, kwenye misheni na miradi ya Mbeya, wanakutana na shida hiyohiyo kutoka upande wa pili. Wengi hufurahia unafuu, wakafuga bila kufikiria siku ya kurudi kwao Ulaya, na hapo ndipo napata wasiwasi. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia Umoja wa Ulaya kirahisi. Mbwa awekwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, achanjwe dhidi ya kichaa, zipite siku zisizopungua 30, achukuliwe damu ikapimwe kinga, kisha ahesabiwe miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa. Mkataba ukikatika ghafla, miezi minne hiyo haipo. Iringa niliwahi kumwona German Shepherd aliyeachiwa mlinzi wa usiku na bosi aliyeondoka. Alizoea chakula cha mfuko, na mfuko mmoja ulikuwa unameza sehemu kubwa ya mshahara wa yule mzee mwenye watoto wanne. Nilipompita tena baada ya miezi michache, mbavu zilikuwa zinahesabika. Mzee alimpa alichokuwa nacho. Mwenye kosa ni aliyefuga kwa kipimo cha kwao bila kupiga hesabu ya siku ya kuondoka.

Basi nimewaambia wote wawili ninachoamini. Mdogo wangu, mguu ulistahili kutibiwa. Ukishamfuga mnyama huwezi kumwacha na mfupa uliovunjika kwa sababu nyumbani kuna mabati ya kununua. Ila kutokata bima katika nchi yenye bei zile ni uzembe, na aliyelipia uzembe huo ni mama. Ungeweza pia kuomba makadirio ya maandishi kabla ya upasuaji, na kuomba cheti cha dawa ukanunue kwingine kwa bei nafuu. Sheria ya huko inakuruhusu.

Baba mdogo nimemjibu kwa kipimo chake mwenyewe cha kazi. Mbwa wake ndio wanaolinda zizi la ng'ombe usiku kucha, kwa hiyo nao wana haki ya matunzo kama ng'ombe wanaowalinda. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008, imetungwa Dodoma, si Leeds. Na kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa; mtu akishaonyesha dalili, kupona ni kama hakuna. Nikamuuliza palepale kwenye grupu kama mbwa wake wamechanjwa.

Hakujibu. Usiku akanipigia simu pembeni. Wako watatu, hakuna aliyechanjwa, na wajukuu wanacheza nao uani. Gharama amesema ni zake. Yule mtaalamu wa Simba amekubali tupande naye Tukuyu Jumamosi, dozi tatu kwenye kiboksi cha barafu.