Corbyn hakuangushwa na magazeti

Tangu Tundu Lissu akamatwe kule Mbinga Aprili 2025, kuna hoja moja haiishi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Wanaoileta ni watu wazima, wengine wasomi kabisa, akiwemo shemeji yangu wa Morogoro: "Hata huko Uingereza unakoishi, kiongozi wa upinzani anachafuliwa na magazeti kila kukicha. Upinzani ni upinzani tu, dunia nzima." Nimeshamtumia sauti ndefu mpaka akalalamika namla bando. Basi leo naandika.

Kuchafuliwa wanachafuliwa kweli. Siku ya uchaguzi wa 1992, gazeti la The Sun liliweka kichwa cha Neil Kinnock, kiongozi wa Labour iliyokuwa upinzani, ndani ya balbu ya umeme, likaandika kwamba akishinda, mtu wa mwisho kuihama nchi azime taa. Ed Miliband, naye kiongozi wa Labour, alipigwa picha 2014 akipambana na mkate wa nyama ya nguruwe, mdomo umekaa vibaya. Mwaka mzima baadaye, mkesha wa uchaguzi, picha hiyo ikajaza ukurasa wa mbele wa gazeti hilohilo. Jeremy Corbyn, aliyemrithi Miliband, yeye Juni 2017 The Sun lilimchora ndani ya pipa la taka, na siku iliyotangulia Daily Mail lilikuwa limetenga kurasa 13 kumshambulia yeye na wenzake kwamba ni watetezi wa magaidi.

Anachosahau shemeji ni kilichofuata baada ya hilo pipa. Labour ilipata asilimia 40 ya kura na kuongeza viti 30, na waziri mkuu Theresa May, aliyeitisha uchaguzi mwenyewe akidhani ni mserereko, akapoteza wingi wake bungeni. Corbyn hakuhangaika kujibizana na wahariri. Alijaza viwanja, vijana wakasambaza hotuba zake kwenye simu, na ilani yake ilisemeka kwa pumzi moja: ada ya chuo ifutwe, reli zirudi mikononi mwa umma. Hata Februari 2018, magazeti yalipomhusisha na ujasusi wa Czechoslovakia ya zamani, alirekodi video fupi akawaambia wenye magazeti kuwa mabadiliko yanakuja. Mbunge wa Conservative, chama tawala wakati huo, aliyeidandia habari ile Twitter na kudai kwamba Corbyn aliuza siri za nchi aliishia kuomba radhi hadharani na kutoa fedha kwa mashirika ya hisani.

Kama magazeti yangekuwa na nguvu ya kumzika mtu, yangemzika 2017. Alizikwa kwenye uchaguzi wa Desemba 2019, na aliyeshika koleo ni yeye mwenyewe.

Mimi naishi Doncaster, mji wa reli na makaa ya mawe ya zamani, ambako asilimia 69 walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016. Sisi Watanzania wenye vibali vya kuishi tuliruhusiwa kupiga kura ile kwa sababu ya Jumuiya ya Madola. Wapolandi ninaopanga nao maboksi ghalani, ambao ndio waliokuwa wakijadiliwa, hawakuruhusiwa. (Ya kwetu Tanzania siwezi kuipigia kura nikiwa huku. Shemeji, na hilo lipeleke kwenye grupu.)

Mtego wa Corbyn kwenye suala hilo la Ulaya haukuwa mdogo, tusimwonee. Wapiga kura wengi wa Labour walitaka kubaki Ulaya, ilhali majimbo mengi ya chama yalitaka kutoka. Islington, sehemu ya London anakotoka yeye, asilimia 75 walitaka kubaki. Huku Doncaster ni kinyume chake. Akisema hili anawapoteza hawa, akisema lile anawapoteza wale. Na yeye binafsi moyo wake haukuwahi kuwa Brussels, makao ya umoja huo. Alipoulizwa kwenye televisheni kabla ya kura shauku yake ya kubaki ni alama ngapi kati ya kumi, alisema saba, au saba na nusu. Matokeo yalipotoka, wabunge wake 172 walipiga kura ya kutokuwa na imani naye, 40 tu wakasimama naye. Wanachama wakamrudisha Septemba, na msimamo ukaendelea kufinyangwa kikao baada ya kikao.

Kilichotoka 2019 ni hiki: tutajadili na Ulaya mkataba mpya wa kutoka ndani ya miezi mitatu, ndani ya miezi sita tutawarudishia wananchi wachague, na mimi kiongozi sitakuwa upande wowote.

Wapiga debe wa Labour walipita mtaani kwetu Desemba ile, mvua ya baridi inanyesha. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi mgodini na mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu ujana, alitoka mlangoni na ndala zake akauliza: "Kwani yeye anataka tutoke au tubaki?" Binti wa watu akaanza na mkataba, akaja kwenye kura ya pili, akaipindua karatasi yake nyuma na mbele. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akafunga mlango. Gazeti analosoma yule mzee ni la hapahapa mjini, tena kwa ajili ya mbio za farasi. Jimbo la jirani la Don Valley, lililokuwa la Labour tangu 1922, likaenda kwa Conservative. Chama kikabaki na viti 202, uchache ambao haukuwa umeonekana tangu 1935.

Kuna jambo jingine wafuasi wake hawapendi kusikia. Shutuma za chuki dhidi ya Wayahudi ndani ya chama walizipachika jina moja tu, njama za magazeti. Tume ya usawa ilipomaliza uchunguzi Oktoba 2020 ikasema chama kilivunja sheria. Mtu akishaamua kwamba kila gazeti ni adui, hata siku gazeti limesema kweli hasikii.

Ugonjwa huo kwetu upo. 2015 Chadema ilimpokea Edward Lowassa, mtu iliyekuwa imemwita fisadi miaka na miaka, ikampa bendera ya urais. Dk. Slaa, katibu mkuu wake, akaachia ngazi. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura, lakini mpaka leo sijasikia kiongozi aliyekaa chini akamweleza mwanachama wa kawaida ilikuwaje. Walitegemea nyomi ya mikutano ifunike swali.

Lissu 2025 alifanya kinyume. "No Reforms, No Election" (bila mageuzi, hakuna uchaguzi) ni msimamo uliokipasua chama. Kundi la makada wa Chadema waliojiita G55 likaupinga hadharani, wengi wao wakahamia Chaumma, chama kingine cha upinzani. Mimi mwenyewe sikuafiki kuachia uwanja mtupu. Lakini alilisema waziwazi, akazunguka nalo mikoani, akakubali kupoteza watu. Jirani yangu asingehitaji kumwuliza mara mbili anataka nini. Kama wananchi wangemwelewa au wangemkataa, hatukupewa nafasi ya kujua, maana alikamatwa akitoka kwenye mkutano na kesho yake akasomewa shitaka la uhaini, lisilo na dhamana.

Sasa linganisha, shemeji. 2013 Daily Mail liliandika kwamba baba yake Miliband, aliyekwishafariki, aliichukia Uingereza. Miliband akadai nafasi ya kujibu na jibu lake likachapishwa ndani ya gazeti hilohilo. Kiongozi wa upinzani hapa analipwa nyongeza ya mshahara kwa fedha za umma tangu 1937, na kila Jumatano Bunge likiwa na kikao ana maswali sita ya kumbana waziri mkuu, nchi nzima ikitazama. Kwetu matangazo ya Bunge mubashara yalikatwa Januari 2016. Gazeti la Tanzania Daima lilifutiwa leseni Juni 2020, miezi minne kabla ya uchaguzi, na ilirudishwa Februari 2022, kura zimeshahesabiwa zamani. Oktoba 2024 huduma za mtandaoni za Mwananchi zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video kuhusu watu wanaotekwa na kupotea. Mwaka uliofuata, siku ya kura, intaneti yenyewe ikazimwa, na grupu letu la familia, lile la kubishania haya yote, likawa na tiki moja moja tu.

Mpinzani wa kwetu angefurahi kutiwa kwenye pipa la taka na The Sun, ilimradi kesho yake apande jukwaani.

Corbyn mwenyewe chama kilimtosa, na Julai 2024 akagombea Islington North kama mgombea binafsi, akamshinda mgombea wa Labour. Kwetu hilo haliwezekani. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alidai haki ya mgombea binafsi mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda 2013, na uchaguzi wa 2025 umefanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.