Uniti Mnahesabu, Balbu Je?

Mwenye nyumba wetu ameshusha amri kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji, herufi kubwa mwanzo mwisho: globu za wati 60 na 100 marufuku, kila chumba kifunge enaji seva (siku hizi ndizo balbu za LED), atakayekutwa na globu atachangia umeme wa Luku mara mbili. Chini yake vikamiminika vidole gumba. Hakuna aliyeuliza lile friji la kugandishia barafu pale uani linachangia mara ngapi. (Ni la shemeji yake. Tuendelee.)

Sina undugu na globu. Karibu asilimia 95 ya umeme inaoukula huishia kuwa joto, na joto Dar es Salaam hatujawahi kuliomba. Labda wafugaji wa kuku wa nyama wa Kivule na Chanika, hao wana sababu ya kuing'ang'ania. Jirani yangu wa zamani alifunga LED bandani ili abane matumizi. Usiku vifaranga wakalaliana kona moja kutafuta joto, asubuhi akawa anaokota waliokufa. Ila kwa sebuleni nakubali, shingo upande. Globu ya wati 60 ikiwashwa kila siku saa moja jioni hadi saa sita usiku inamaliza uniti 9 kwa mwezi, na LED ya wati 9 yenye mwanga ule ule haifiki hata moja na nusu. Hesabu ni hesabu. Kwa hesabu hiyo hiyo, pasi ya wati 1,000 ndani ya saa moja inakula uniti ambayo LED ingeikalia wiki tatu, lakini amri ya pasi sijaiona. Mwenye nyumba naye anapenda shati lililonyooka.

Kinachonichefua ni boksi. Chukua boksi lolote la balbu hizi za LED dukani usome: saa 15,000. Wengine hawana hata haya, wanaandika 25,000. Saa 15,000 kwa matumizi ya saa tano kila usiku ni miaka 8. Mtoto aliyezaliwa siku uliyoifunga anakuwa yuko shule, anakusomea hilo boksi. Nani hapa mjini ana balbu ya miaka 8? Ajitokeze tumpigie makofi.

Namba ile haikutungwa hewani, na hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Inahusu zile chembe ndogo za njano zinazotoa mwanga. Wanaziwasha maabara kwa saa elfu kadhaa, umeme umetulia, joto la chumba limedhibitiwa, halafu wanapiga makadirio. Chembe zenyewe kweli hudumu. Kinachokufa ni saketi iliyofichwa kwenye kitako cha balbu, inayobadilisha umeme wa ukutani uzifae chembe hizo. Ndani yake mna kapasita, kidude kinachotunza chaji ya umeme, na kapasita ina maadui wawili, joto na umeme unaorukaruka. Joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Sasa nenda kaizike balbu hiyo ndani ya dari la jipsamu, mwezi wa pili, chini ya bati, Tabata. Kisha umeme ukatike saa mbili usiku, urudi kwa kishindo, ukatike tena, urudi. Friji tumelinunulia frijigadi, televisheni nayo ina gadi yake. Balbu ya buku mbili nani ataiwekea mlinzi?

Halafu chembe zenyewe kwa kawaida zimeungwa kwa mstari mmoja, umeme unapita hii uende ile. Moja ikiungua, mstari mzima unalala. Fungua balbu iliyokufa utaona: zote nzima, moja ina kidoa cheusi katikati. Kuna mafundi wanaoiruka hiyo moja kwa tone la risasi na taa inawaka tena, Mungu awabariki, ingawa zilizobaki zinabeba mzigo wa marehemu na hazikai sana. Taa za paneli ndiyo balaa kabisa. Hakuna cha kubadilisha balbu, unang'oa taa nzima na fundi wa jipsamu unamwita upya.

Na garantii? Niliuliza Kariakoo. "Hii ina miaka miwili, anko." Ikiungua nije hapa hapa? "Njoo, ukinikuta tutaongea." Risiti aliyonipa ilikuwa na maneno tunayoyajua wote: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo tuseme wazi nani anabana na nani anabanwa. Uniti zinazookolewa zinaingia kwenye Luku ya pamoja, mpaka friji la shemeji linanufaika. Balbu inayoungua inatoka mfukoni kwangu. Mwenye uwezo ananunua ile ya bei kubwa yenye saketi ya maana, anakaa nayo, anaanza kutuhubiria. Mpangaji wa chumba kimoja ananunua ya buku mbili kwa Mangi mtaani kwa sababu ndiyo hela iliyopo usiku huo giza lilipomkuta. Nimewaandikia wenzangu: kama taa ni amri ya nyumba, basi iwe mali ya nyumba, mwenye nyumba anunue. Mpangaji akihama balbu inabaki, tatizo liko wapi? Kimya. Vidole gumba vyote vimeota ganzi.

Kuhusu mwanga wenyewe nitasema kidogo. Maduka ya mtaani yamejaa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), ule weupe wa wodini unaofanya hata pilau lionekane limechacha. Ukitaka wa njano wa 2700K au 3000K, uliza kwa jina na ujiandae kuambiwa umepitwa na wakati. Na kama balbu yako inaendelea kumulika kwa mbali baada ya kuzima swichi, si jini. Mara nyingi ni fundi aliyeweka swichi kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laini (waya unaouleta), na ukipanda kuibadilisha umeme bado uko kwenye holda, kwa hiyo zima kwenye meni swichi kwanza.

Zimebaki zile enaji seva za mwanzo, zilizojikunja. Hizo zina zebaki, ile ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita. Ni kidogo, miligramu 3 hadi 5, sitaki kumtisha mtu. Lakini nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba za majumbani zisitengenezwe wala kuingizwa baada ya 2025, na hawakukaa kikao kwa ajili ya kujifurahisha. Kabatini kwa watu bado zimo. Ikikupasukia ndani, toa watoto, fungua madirisha, subiri kama dakika kumi. Usishike fagio, linatawanya vumbi lake. Zoa kwa karatasi ngumu, unga uliobaki uunase kwa selotepu, tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Na mwenye guta la taka akija, mwambie kabisa kilichomo humo kabla hajakibeba kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Atakuuliza unamwongezea shilingi ngapi. Mwongezee.