Wenye nyumba wenzangu, kodi ya mwaka mzima inatuharibu sisi wenyewe

Jana depoziti yangu, ile hela ya dhamana ya nyumba, imerudi yote. Nimehama flati niliyokuwa nimepanga hapa Leicester, dada wa ajensi kapita na karatasi ya siku ya kuingia, ina picha za kila kona mpaka alama ya pasi kwenye kapeti, akalinganisha, akasema sawa. Sijabembeleza mtu. Huku England tangu 2007 depoziti lazima isajiliwe kwenye mfumo wa kuilinda, siku hizi mwenye nyumba anapewa siku 30, akizembea mahakama inaweza kumlipisha hadi mara tatu ya hiyo depoziti, na kwa nyumba za kawaida haitakiwi izidi kodi ya wiki tano.

Mshaanza, nawasikia. "Huyu keshakuwa mzungu." Sijishaui jamani, mi mwenyewe nina vyumba vya kupangisha Mbagala, Dar, naongea na wenye nyumba wenzangu.

Chumba na sebule cha laki na nusu, unapokea milioni moja na laki nane Januari kwa mkupuo, ile hela ina wenyewe tayari: ada, mchango wa harusi, tofali za kiwanja cha Chanika. Juni shimo la choo limejaa, mpangaji anapiga simu, huna hata ya gari la majitaka, basi simu hupokei, unaanza kumkimbia mtu aliyeko kwenye nyumba yako mwenyewe! Halafu tunasema wapangaji wa siku hizi wakorofi.

Mi nachukua kodi mwezi kwa mwezi na depoziti ya miezi miwili, mkataba tunasainia serikali ya mtaa, siku ya kukabidhi funguo mdogo wangu anapiga picha vitasa, masinki, vioo, gypsum, tunatumiana WhatsApp kila mtu abaki nazo. Kila chumba kina sabmita yake, mita ndogo ya umeme, habari ya nani anapika na jiko la umeme usiku imeisha. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme, tangu 2021 nawapunguzia kwenye kodi yao, jengo ni langu, kwa nini walipe wao?

Mtasema wa mwezi mwezi atakukimbia. Akimbie na godoro lake, depoziti ninayo. Wewe uliyechukua ya mwaka, mpangaji akikushinda tabia mwezi wa pili unamtoaje? Umrudishie ya miezi kumi ambayo ushaila?

Na msidhani huku peponi. Nilipofika, kabla sijapewa hata kachumba walitaka pasi na viza, salari slipu, na mdhamini mwenye mshahara wake hukuhuku, mtu ndo kwanza umeshuka kwenye ndege mdhamini unamtoa wapi? Kwetu mama mwenye nyumba anakuuliza kabila na kama unakunywa pombe, yameisha, na asipokuona siku mbili anagonga mlango. Hilo sibadilishi na mfumo wowote.

Kuna mmoja ataniambia dalali wake kasema kodi ya mwezi haiuziki. Dalali anachukua ya mwezi mmoja kwa mpangaji hata kama wewe umepokea ya miezi mitatu, anapungukiwa nini? Anachotaka ni mpangaji ahame haraka aje mwingine. Kwangu kuna chumba kinabaki wazi mwezi ujao, na hela ya kupelekwa kuona hatuchukui.